Kinoo

Kisu cha kwanza nilikinunua Wete, kwa macho.
Kiling'aa, mpini wa plastiki ya kijani,
na Mbarouk wa dukani alikatia karatasi hewani: shwaa!
Nikalipa. Nikasahau kwamba sendi mwituni kukata karatasi.

Nakata ukindu. Bondeni, nyuma ya Konde,
unapoishia mpunga na matope yakaanza kunyonya ndara.
Mkindu una miba, na kuti lake penye shina
ni gumu kama neno la wifi.
Siku ya tatu plastiki ikalegea mkononi,
makali yakajikunja kama ukingo wa kopo.
Nikarudi na nusu mzigo, kidole kimefungwa kitambaa,
maana kisu butu ndicho kinachokata mtu:
unakilazimisha, kinateleza, kinakutafuta.

Watu husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Mimi sijala nyama tangu Idi. Nasuka mikeka.

Nikaenda kwa Mkasha, mhunzi wa Mtambwe.
Hakuniuliza nina pesa ngapi.
Alisema, "Lete mkono," akapima kiganja changu kwa uzi,
akauliza nakata nimesimama au nimechutama,
navuta au nasukuma,
kwa mkono upi.
Wa kushoto, nikasema, kwa haya.
Akacheka: "Basi kile cha duka hakikukujua."

Chuma alikitoa kwenye springi ya gari la karafuu,
lile lililofia Kinyasini mwaka wa mavuno makubwa,
na gunia za baba zikiwa juu, zinanukia.
Chuma kilichobeba miaka ishirini, alisema,
hupinda kikarudi.
Mpini wa mpera, mnene tumboni, mwembamba shingoni.
Hakukipa mng'aro.
Kilikuwa cheusi, kibaya, na changu.

Kukinoa nilijifunza kwa aibu.
Mwanzo nilisugua kama nasugua sufuria,
mbio, makelele, maji yakinirukia usoni,
ubapa ukajaa mikwaruzo na makali hayakuja.
Sasa najua. Kinoo kilowe kwanza, kishibe.
Mgongo wa kisu uunyanyue
kiasi cha shilingi mbili zilizobebana, usizidishe.
Kisha taratibu, kama unataka kubandua
ngozi nyembamba ya jiwe na kuitoa nzima.
Kumi huku. Kumi huku. Sikiliza:
sauti ya mwanzo ni mchanga,
ya pili ni hariri,
ya tatu huisikii, na hapo ndipo pa kuacha.

Wengi hawaachi. Mume wangu wa kwanza hakuacha.
Alinoa mpaka kisu kikawa wembe,
akakipiga kwenye kifundo cha mwanzi,
kikabaki na mapengo kama mtoto wa miaka saba.
Na ulimi wake aliunoa vivyo hivyo.

Usijaribu kwa kidole gumba
kama mwanamume anayejua anatazamwa.
Gusisha ukucha: makali yakishika, yamekubali;
yakiteleza, rudi kwenye jiwe, na usinung'unike.
Ukimaliza, kipanguse, kipake tone la mafuta ya nazi.
Kutu haipigi hodi, hasa huku kwetu,
ambako hata chumvi ya jikoni hutoa jasho.

Leo Asaa, mwanangu wa miaka tisa, amekililia.
Bibi yake, bila ya kuinua kichwa kwenye mchele,
akanitupia ile ya zamani: mtoto akililia wembe, mpe.
Sikumpa. Wala sikumnyima.
Nilimwekea kinoo mbele, maji kwenye kifuu,
na kile cha Wete, cha kijani,
ambacho siku zote hizi kilikuwa kabari ya dirisha.

Yuko hapo tangu adhuhuri.
Dirisha linabamiza, hakuna anayelijali.
Sauti bado ni mchanga.
Nasuka ukili, simtazami;
masikio yangu yamo mikononi mwake.